Kabichi Iliyoruka Ukuta

Kila asubuhi lori liliporudi, likishamaliza kushusha, mpishi mkuu wa hospitali alichukua kabichi ya kwanza kutoka kwenye gunia, akaipindua, akalitazama shina pale lilipokatwa, kisha akaiuliza kwa sauti ya chini, "Umerudi?" Hakungoja jibu. Aliiweka mezani, akaipiga kofi moja mgongoni kama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa, akachukua kisu.

Wasaidizi wake walidhani ni dua. Ukweli ni kwamba shina lile lilikuwa limekatwa mshazari, na katika mji ule mzima mtu aliyekata kabichi namna hiyo alikuwa mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, aliyezaliwa anatumia mkono wa kushoto na hakuna fimbo ya mwalimu iliyoweza kumbadilisha. Wifi huyo alilima nyuma ya jiko la hospitali. Nikisema nyuma simaanishi mtaa wa pili. Ukisimama kwenye sinki la kuoshea masufuria ukapiga chafya, kuku wa upande wa pili wa ukuta wanashtuka.

Sasa kabichi iliyoota hapo ilikuwa inarudi kutoka wapi? Kutoka mji mkuu. Utaratibu ulitaka kila chakula cha taasisi ya umma kipite Ghala Kuu, kipimwe, kigongwe muhuri wa buluu kwenye jani la nje, kilale kwenye chumba cha baridi, halafu ndipo kitambulike kuwa chakula. Kwa hiyo jioni lori lilisimama kwenye lango la wifi, likapakia, likapita mbele ya hospitali likipiga honi ya kuaga, likashika njia. Lilirudi kesho kutwa alfajiri na kabichi zile zile, zimechoka, zimelegea masikio. Jani lenye muhuri ndilo lililokuwa limenyauka kuliko yote, nalo ndilo la kwanza kumenywa, hivyo mamlaka yote ya Ghala Kuu yaliishia kwa mbuzi wa mlinzi.

Dereva wa lori alikuwa mtu wa tabasamu, na watu walimwita Hapo Tu, kwa sababu ukimuuliza safari yake ni ya umbali gani, hakuwa na jibu jingine. Mji mkuu, hapo tu. Mpakani, hapo tu. Lori lilikunywa tangi zima kwenda na jingine kurudi, lakini kwake yeye dunia nzima ilikuwa hapo tu.

Na kwa nini mpishi hakuchungulia tu ukutani akaomba? Utaratibu ulikuwa sababu, lakini haukuwa sababu yote. Mpishi na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye chungu. Ilikuwa harusi ya mdogo wake wifi, shemeji wa mpishi. Mpishi ndiye aliyeshika mwiko siku hiyo. Wakati wakwe wamekaa wanangoja, wifi aliingia jikoni, akachota mchuzi, akaonja mbele za watu, akatafakari. Hakusema neno. Angesema neno ingekuwa nafuu. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akachukua chumvi, akatia.

Tangu siku hiyo salamu zilikatika kama uzi. Kitinda mimba wa mpishi, aliyekuwa tumboni kwenye harusi ile, sasa alikuwa anavaa viatu vya baba yake. Na baba mwenyewe, fundi cherehani mpole, aliishi katikati ya mkewe na dada yake kama nyasi chini ya fahali wawili: mchana alikula kwa dada, jioni alikula kwa mke, na kote kuwili alisema chumvi imekolea sawasawa.

Mambo yalikuwa yamekaa hivyo mpaka alipokuja binti wa moshi.

Jina hilo alipewa na wasaidizi wa jikoni kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani na mkoba mzito kuliko yeye, na aliomba samahani kwa mlango, kwa stuli na kwa paka. Ametumwa, alieleza huku akivitazama viatu vyake, na idara inayohesabu gesi joto za nchi. Safari hii wanahesabu zinazotokana na chakula, kuanzia shambani mpaka jalalani: za mbolea, za malori, za vyumba vya baridi, za kuni, za makombo yanayooza. Gesi hizo hupanda juu zikaifunika dunia kama blanketi kwenye joto, na kila nchi inatakiwa iseme imechangia blanketi lile kwa kiasi gani.

"Na hesabu ya nchi nzima mnaanzia kwangu?" mpishi aliuliza.

"Tunaanzia kwenye majiko machache, mama. Halafu tunazidisha."

"Mnazidisha mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Mpishi aligeuka akalitazama sufuria lake la maharage kwa heshima mpya. Siku zote alidhani anawapikia wagonjwa. Kumbe alikuwa anaipikia nchi.

Binti akaanza maswali ya fomu. Kuni kiasi gani? Zinazobaki zinaenda wapi? Makombo? Kwa mbuzi wa mlinzi. Je, mbuzi anacheua? Anacheua sana, alijibu msaidizi mmoja, hata wakati wa ibada. Binti akaandika na hilo pia, kwa sababu mbuzi anapocheua hutoa gesi yake.

"Kabichi zinatoka umbali gani?"

Kisu kilichokuwa kinakata kitunguu kikasimama.

"Mbali," alisema mpishi.

"Mbali kiasi gani, mama?"

"Mbali sana. Muulize dereva."

Dereva alikuwa ameegemea mlangoni akinywa chai yake. "Hapo tu," alisema, akielekeza kidevu upande wa mji mkuu.

Binti akaandika kilomita anazozijua yeye. Kisha macho yake yakapita juu ya sinki, yakatoka dirishani. Juu ya ukuta kofia ya majani ilikuwa inasogea taratibu, ikizama na kuibuka kati ya kabichi zilizoshona shamba zima. Binti akaitazama kofia. Akazitazama kabichi zilizo mezani. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Una swali, mwanangu?"

"Hapana, mama. Halimo kwenye fomu."

Aliomba samahani kwa paka akaondoka. Mpishi akabaki akisema moyoni: mtoto yule ana swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Majibu yalipokuja, aliyeyaleta jikoni ni katibu wa hospitali, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye ukimsikia anakuja unadhani ni punda wa sherehe aliyevishwa kengele. Alisoma barua amesimama. Jiko la hospitali limeonekana kuwa miongoni mwa majiko yenye gesi nyingi mno. Lisipojirekebisha kabla ya upimaji wa pili, litafungwa. Chakula cha wagonjwa kitapikwa kwenye Jiko Kuu, mji mkuu, kitagandishwa na kuletwa kwa lori.

"Kwa lori la Hapo Tu?" mpishi aliuliza.

"Lori jingine. Lenye friji."

"Hilo halitoi moshi?"

"Linatoa, tena mwingi. Lakini moshi wake utahesabiwa idara ya uchukuzi. Siyo wetu tena."

"Na mimi?"

Katibu alizichezea funguo zake. "Umepangiwa kufua mashuka."

Mpishi akaketi juu ya gunia. Aliingia jiko lile akiwa mwosha masufuria, msichana asiyejua hata kuchochea moto. Humo alijifunza kazi, humo aliolewa akiwa na harufu ya vitunguu mikononi, humo alijua kwamba mzee wa wodi ya dirishani hawezi kutafuna na kwamba akina mama waliojifungua huomba mchuzi mara ya pili lakini huona aibu kusema. Sasa watu hao wangekula maharage yaliyogandishwa na mtu asiyewajua, na yeye angesimama kwenye karo la kufulia akipigana na madoa.

"Hakuna njia?"

"Ipo moja. Barua inasema tunaruhusiwa kuacha Ghala Kuu, tukanunua," katibu akaleta karatasi karibu na macho, "kwa mkulima wa karibu."

Akanyanyua uso, akatazama dirishani. Wasaidizi nao wakatazama dirishani. Kofia ya majani ikapita. Mpishi peke yake aliangalia dari.

"Mama," katibu alisema kwa upole wa mtu anayesogelea mzinga wa nyuki, "tuna mkulima wa karibu hapa?"

"Simjui."

"Ni wifi yako."

"Ndiyo maana simjui."

Katibu akaenda mwenyewe, akazunguka ukuta na funguo zake, akarudi jasho linamtoka. Wifi amekubali kuuza. Amesema kabichi hazina ugomvi na mtu. Ila jikoni hatii mguu mpaka akaribishwe.

"Nitamkaribishaje mtu asiyebisha hodi?" mpishi aliuliza.

"Hilo jepesi. Abishe hodi, wewe uitikie karibu."

"Mwambie abishe."

Katibu akazunguka tena. Akarudi tena, safari hii ameshika kiuno.

"Anasema alishabisha."

"Lini?"

"Siku ya harusi. Anasema alisimama mlangoni mwa jiko akasema hodi, na hukumwitikia. Hodi yake ya siku ile bado haijajibiwa. Anasema hawezi kubisha ya pili juu ya ile ya kwanza."

"Siku ya harusi nilikuwa na masufuria kumi motoni! Nani angesikia hodi?"

"Nimwambie hivyo?"

"Usimwambie kitu."

Katibu alikuwa karibu kulia. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama ukuta, na hapo uso wake ukang'aa. "Ukuta hauna mlango," alisema polepole. "Pasipo na mlango hapana hodi."

Ndivyo ilivyokubaliwa. Kulipokucha, jiko zima lilipanga mstari chini ya ukuta. Mpishi aliugonga kwa mwiko mara moja, maana yake rusha. Kisha ukaonekana mkono, mkono wa kushoto peke yake, na kabichi ikapanda, ikapinda kidogo hewani kama kitu kinachobadili nia, ikatua kwenye mikono ya msaidizi mrefu aliyewahi kuwa golikipa. Ikafuata ya pili. Ya tatu ilimpata katibu begani, naye akasema si kitu, ni ajali ya kazini. Mpishi alipogonga mara mbili, maana yake basi, kabichi moja zaidi ilikuja.

"Hiyo ya mwisho ni nyongeza au ni tusi?" aliuliza golikipa.

"Kata kabichi, wewe," mpishi akamwambia.

Alichukua moja akaipindua. Shina lilikuwa limekatwa mshazari kama siku zote, ila mara hii lilikuwa linatoa maji, na majani yalikuwa na umande. Akafungua mdomo aulize "Umerudi?" na akajikuta hana la kuuliza. Kabichi haikuwa imekwenda popote.

Sahani zilirudi kutoka wodini zimefutwa. Daktari wa zamu alituma mtu kuuliza wameongeza nini. Hapo Tu, kwa upande wake, aliendelea kwenda mji mkuu, kwa sababu Ghala Kuu lilikuwa halijapewa taarifa. Alifika na lori tupu, wakalipima lile tupu, wakampa karatasi iliyosema kabichi sifuri zimepokelewa, zimekaguliwa na ni salama kwa mlaji, wakaigonga muhuri, akarudi nayo.

Na ukutani mambo yalizoeleka. Mpishi alianza kumjua wifi yake kwa namna ya kurusha: kabichi ikija juu sana, ameamka vibaya, ikija chini na pole, amelala vizuri. Siku moja ziliporushwa zote kwa mkono mlegevu, jioni mpishi alimuuliza mumewe, bila kumtazama, kama kuna mtu yeyote katika ukoo wake anaumwa. "Dada ana mafua," akasema mume. "Sijakuuliza dada," akasema mpishi. Kesho yake alikunja magunia matupu yaliyofuliwa, akayaweka juu ya ukuta, na katikati ya magunia akachomeka tangawizi. Mkono wa kushoto ukatokea, ukachukua. Lakini hawakuongea. Ungewauliza wote wawili wangeapa hawaongei.

Binti wa moshi aliporudi kwa upimaji wa pili, jiko lilimpokea kama mgeni wa harusi. Kuni zimepungua, makombo hakuna hata mbuzi amekonda, na kabichi, golikipa alitangaza, haziendi popote. Binti alifurahi mpaka akasahau kuomba samahani. Akafungua kompyuta yake. Maswali yalikwenda vizuri mpaka yalipofika kwenye usafiri, maana hapo fomu ilitoa njia nne, barabara, reli, maji na anga, na ilikataa kusonga mbele bila kuchagua moja.

"Zilipita barabarani, mama?"

"Hapana."

"Reli?"

"Reli ipi, mwanangu?"

"Majini?"

"Kuna umande tu."

Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hakuna mahali ziligusa ardhi kabla ya kufika?"

Golikipa akaona ameguswa heshima. "Ziguse ardhi na mimi nipo? Haijawahi hata moja!"

Binti aliitazama tena orodha ile ya njia nne. Alikuwa amesoma sana na alikuwa amelelewa kusema kweli, na vitu hivi viwili vikikutana kwa mtu mwenye haya huwa ni hatari. Akanyoosha kidole, akabonyeza anga.

Kompyuta ya makao makuu iliposikia kwamba kabichi imepita angani, haikushangaa. Ilifanya kama ilivyofundishwa: ikaitafutia kabichi ndege ya mizigo, na kwa kuwa ndege ya mizigo haiwezi kutoka nyuma ya jiko, ikaitafutia nchi ya mbali yenye theluji, ikaipakia huko. Kisha, kwa kuwa hesabu ya jiko huzidishwa, ikazidisha. Nchi iliyokuwa katikati ya orodha ya dunia, haisemwi kwa mema wala mabaya, ikaamka imewapita wenye viwanda, kwa sababu ilionekana watu wake wote wanaagiza kabichi kwa ndege.

Ndipo mkuu wa idara alipokuja mwenyewe. Alikuja na magari mawili, wanaume wenye vizibao vinavyong'aa, na binti wa moshi kwenye kiti cha nyuma, amejikunja kama barua.

"Uwanja uko wapi?" mkuu aliuliza kabla hajasalimu.

"Wa mpira?" akauliza mpishi.

"Wa ndege!"

"Labda muulize dereva."

"Hapo tu," akasema Hapo Tu, na akawaonyesha kwa kidevu upande mwingine kabisa.

Ilibidi wamwonyeshe. Mpishi akagonga ukuta, mkono wa kushoto ukaibuka, kabichi ikapanda. Mkuu akaifuata kwa macho ilivyopanda, ilivyopinda, ilivyoshuka. Akaitazama na ya pili. Kwa muda alikuwa na uso wa mtoto aliyepelekwa kwenye sarakasi, kisha akakumbuka cheo chake.

"Hii siyo ndege," alisema.

"Hakuna aliyesema ni ndege, mheshimiwa," katibu akamjibu. "Ni fomu."

"Mnajua mmenifanyia nini? Takwimu zimesomwa kwenye mkutano, nje ya nchi. Tumepigiwa makofi kwa kusema ukweli. Halafu wakatuuliza hizo ndege ni za nani!"

"Si mzifute tu?" mpishi akashauri.

"Takwimu iliyotoka haifutwi, mama. Inarekebishwa na inayofuata." Mkuu akapangusa paji la uso. "Inayofuata ni ya leo. Kabichi zitapita barabarani, mimi nikiona kwa macho yangu. Zitoke lango la huyu mkulima, zifuate ukuta, ziingie lango la hospitali, zifike mlango huu. Zikifika, jiko linabaki. Zisipofika, nafunga, na ufunguo naondoka nao."

Katibu, kwa mazoea, akashika funguo zake.

"Nitamtuma golikipa akazilete," mpishi alisema haraka.

Lakini kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ambayo mpishi hakuwa ameisikia kwa karibu miaka yote hiyo, na ilikuwa imepata mikwaruzo. "Toroli langu halisukumwi na mtu!"

Basi wakangoja. Walilisikia toroli kabla ya kuliona. Gurudumu lake lililia njia nzima kandokando ya ukuta, likanyamaza langoni, mlinzi akauliza linaenda wapi, likaanza tena kulia. Wanaume wa vizibao wakapisha. Wifi akaja mpaka mlango wa jiko, akaweka toroli chini, akasimama. Kabichi zilikuwa zimepangwa kama mayai.

Hakusema hodi.

Mpishi, ndani, mwiko mkononi, hakusema karibu.

Maharage yalichemka. Mkuu akatazama saa yake, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Tunangoja nini?"

"Hazijafika," katibu alinong'ona.

"Zipo hapo mlangoni!"

"Mgeni hajabisha hodi wala mwenyeji hajamkaribisha, mheshimiwa. Kilichopo hapo ni mtu amesimama na toroli. Hazijafika."

Mkuu akamgeukia binti wa moshi. "Fomu inasemaje?"

"Inasema saa ya kupokelewa," alijibu binti, sauti haisikiki vizuri. "Haisemi saa ya kusimama."

"Jamani, mmoja aanze!" mkuu akapaza sauti. "Nina nchi nzima inaning'inia hapa!"

Hakuna aliyeanza. Mpishi alikuwa anayafikiria mashuka. Aliyaona yamelowa, yamejisokota kama nyoka kwenye karo, na alijua neno moja lingemwepusha nayo, lakini neno lenyewe lilikuwa limelala ndani yake muda mrefu kiasi kwamba hakujua lingetoka na sauti gani. Ndipo alipomtazama wifi yake. Miaka yote hiyo alikuwa ameona kofia, na siku za karibuni mkono. Sasa alimwona mzima. Wifi alikuwa amekonda. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kwa ajili ya lile toroli, na uso, yarabi, uso ulikuwa umekuwa uso wa marehemu mama mkwe, yule aliyemfundisha mpishi kuchochea moto wa kuni mbichi bila kulia machozi. Ni kana kwamba marehemu amesimama mlangoni anahema, na hakuna wa kumpa hata stuli.

"Karibu, wifi," alisema mpishi.

Mkuu akainua kidole. "Lakini hajabisha hodi."

"Nilibisha," wifi akasema.

"Lini? Mimi niko hapa hapa."

"Siku ya harusi."

Mkuu akaangalia saa yake, akaikung'uta, akaiangalia tena. Hakuna aliyemsaidia. Wifi alikuwa ameshavuka kizingiti, amevua kofia, na golikipa alikuwa ameshamsogezea stuli ambayo hakuikalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa, kama mtu aliyetoka jikoni humo jana. Akachota kidogo kwenye kijiko. Akaonja.

Wasaidizi walishusha visu. Hata paka alikaa chini. Wifi alitafuna harage moja, akatafakari, macho yakamwendea yenyewe kwenye kopo la chumvi, akayarudisha upesi yakatazama sakafu.

"Sema," mpishi akamwambia.

"Sina la kusema."

"Sema, wifi."

"Mimi nimeleta kabichi tu."

"Wifi!"

"Chumvi," wifi alisema, karibu bila kufungua mdomo.

Mpishi akachukua kopo, akalishika kidogo, akamkabidhi. "Tia."

Mkono wa kushoto ukatia.

Mkuu aliandika mwenyewe saa ya kupokelewa, akakunja mikono ya shati, akala sahani mbili akiwa amesimama, akaondoka na vizibao vyake bila kufunga chochote. Katibu alifuatana naye hadi langoni, funguo zake zikilia kama kengele. Jikoni wifi wawili walikuwa wameanza kubishana kama kabichi ikatwe nyembamba au nene, kila mmoja na kisu chake, na walikuwa wanabishana kwa sauti kubwa kabisa, kama watu wanaolipa malimbikizo.

Binti wa moshi alikuwa wa mwisho kutoka. Fomu ilikuwa imejaa: barabara, toroli, gesi sifuri nukta sifuri na tarakimu fulani kwa ajili ya pumzi ya wifi. Aliifunga kompyuta, akaitia mkobani, akafika mlangoni, akasimama. Akafungua mdomo. Mpishi akaweka kisu chini, akamngoja.

"Mama," binti alisema, na safari hii hakuomba samahani. "Kwa wifi yako ni mbali?"

"Hapo tu," akasema mpishi.